Mtoto aachiwe kalamu aipitie insha yake mwenyewe

Lugha yetu haina upungufu wa maneno ya kueleza kazi ya kuyarudia maandishi. Tuna kusahihisha, kudurusu, kuhariri, kupitia, kurekebisha na hata kunyoosha. Ajabu ni kwamba katika shule zetu za msingi mtoto mwenyewe hakuachiwa hata neno moja kati ya hayo. Kusahihisha ni kazi ya mwalimu na kalamu yake ya wino mwekundu. Kudurusu ni kujiandaa kwa mtihani. Kuhariri ni kazi ya watu wa magazetini. Kinachobaki kwa mtoto ni kile kiitwacho "masahihisho", yaani kuandika mara tano au mara kumi maneno ambayo mwalimu keshayapigia mstari. Hilo nalo, ukilitazama vizuri, ni adhabu iliyovishwa joho la somo.

Nimefundisha Kiswahili katika shule za msingi za Machakos kwa miaka mingi, nyingine za mjini na nyingine za mashambani. Hoja ninayotaka kuwawekea wasomaji leo, hasa walimu wenzangu na wanafunzi wa vyuo vya ualimu, ni kwamba mtoto wa Gredi ya 2, ya 3 au ya 4 anaweza kuipitia insha yake na kuifanya bora, mradi afundishwe kufanya hivyo, na mradi mwalimu asimtangulie na wino. Kazi hii inafundishika kama kujumlisha na kutoa. Wengi wetu hatuifundishi kwa sababu sisi wenyewe hatukufundishwa.

Ili tuelewe jinsi tulivyofika hapa, inafaa tuukumbuke mtihani uliotulea. Mfumo wa 8-4-4, uliotokana na mapendekezo ya Tume ya Mackay ya mwaka 1981, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima, na kuanzia mwaka 1985 hadi mwaka 2023 kila mtoto aliyemaliza shule ya msingi alikitahiniwa katika KCPE. Lilikuwa jambo jema kwa lugha, na sitaki kulibeza. Lakini karatasi ya insha ilimpa mtoto dakika 40 kujipatia alama 40, na katika dakika hizo hapakuwa na nafasi ya kuandika, kusoma, kufikiri na kuandika tena. Walimu, ambao si wajinga, waliona kwamba njia iliyo salama ni kumpeleka mtoto mtihanini akiwa na insha iliyokwisha kuandikwa kichwani. Ndipo tukapata kizazi baada ya kizazi cha insha zilizoanza kwa jogoo kuwika, zikapitia kwenye ajali ya barabarani, zikatoa methali tatu na tashbihi mbili, kisha zikaishia kwa mwandishi kugutuka kitandani na kutambua kwamba yote yalikuwa ndoto. Insha ya namna hiyo haina la kurudiwa. Imekwisha kabla haijaanza.

Kisha likaja suala la idadi. Elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bila malipo Januari 2003, idadi ya wanafunzi katika shule za msingi za umma na za binafsi ilipanda kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2. Mwalimu mwenye watoto 60, akitumia dakika tano tu kwa kila insha, anahitaji dakika 300, yaani saa tano kamili, kusahihisha zoezi moja. Ni nani mwenye saa tano? Matokeo yake ni alama ya vema, tarehe, sahihi, na neno "Jitahidi" lililoandikwa kwa haraka chini ya ukurasa. Mtoto hulisoma neno hilo, hulifunga daftari, na hajui ajitahidi wapi.

Sasa KCPE imekwenda zake. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote Januari 2019 kuanzia madarasa ya chini, unamruhusu mwalimu kumtathmini mtoto kwa kazi anazozifanya muhula mzima. Mlango uko wazi. Nikipita madarasani, hata hivyo, bado naona jogoo yuleyule akiwika.

Niwape mfano mmoja. Mwezi wa Septemba, wakati wa kiangazi, niliwaomba watoto wa Gredi ya 4 waandike kuhusu jambo walilolifanya siku ya Jumamosi. Msichana mmoja anayetoka upande wa mashambani aliandika hivi:

"Siku ya Jumamosi nilienda mtoni. Nilichota maji. Nilirudi nyumbani. Mama alifurahi sana."

Mwalimu mwenye wino mwekundu hana la kufanya hapa. Sentensi zote nne ni sanifu, herufi kubwa ziko mahali pake, nukta hazikosekani. Angeandika "Vizuri, lakini andika zaidi". Zaidi ya nini? Mtoto angeongeza kwamba maji yalikuwa mazuri, na kwamba baba pia alifurahi.

Badala yake nilimkalisha na mwenzake wa dawati, mvulana wa mjini, akamsomea insha yake kwa sauti. Mvulana alikuwa na ruhusa ya kufanya jambo moja tu, nalo ni kuuliza. Akauliza, "Huo mto una maji saa hizi?" Msichana akajibu, "Hauna. Tulichimba." "Mlichimba na nini?" "Na bakuli." Yeyote anayeijua mito ya Ukambani anajua kilichofuata, maana mito yetu mingi wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu juu na maji chini yake. Mvulana hakujua. Alitaka kujua mchanga ulichimbwa hadi wapi, na maji yalitoka vipi, na kama yalinyweka. Msichana alieleza kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipomwishia akaeleza kwa Kikamba, na mikono yake ikaonyesha kina cha shimo. Nikamwambia, "Hayo uliyomwambia, yaandike." Siku ya pili insha yake ilikuwa hivi:

"Siku ya Jumamosi nilienda mtoni na dada yangu. Mto ulikuwa umekauka. Tulichimba mchanga na bakuli mpaka mkono wangu ukaingia wote. Tukangoja. Maji yalikuja kidogo kidogo. Dada alisema tusiyavuruge. Tulijaza mtungi mmoja. Tulirudi nyumbani giza likiingia. Mama alifurahi sana."

Tazameni hiyo sentensi ya mwisho. Ni ileile, hakuibadilisha hata herufi. Katika insha ya kwanza ilikuwa pambo, kitu ambacho watoto hukitia mwishoni kwa mazoea. Katika insha ya pili ina uzito, kwa sababu sasa tunaujua mtungi mmoja ule ulivyopatikana, na tunajua ni giza gani mama alikuwa akilitazama mlangoni. Sikumwandikia mtoto yule hata neno moja, wala mapambo ya kamusi hakupewa. Alichopewa ni msikilizaji.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kiini cha suala zima. Mtu huyarudia maandishi yake anapogundua kwamba yupo mwingine ambaye hakuwapo mtoni. Mtoto anayemwandikia mwalimu haoni haja hiyo, kwa kuwa anadhani mwalimu anajua kila kitu, na kwamba insha ni namna tu ya kumwonyesha mwalimu kuwa mwandiko ni mzuri. Jirani wa dawati hajui chochote, na ana haki ya kuuliza.

Wengine huniambia kwamba mtoto mdogo hana akili ya kujikosoa. Wenye kusema hivyo hawajamtazama mvulana wa miaka minane akitengeneza gari la waya. Hulijaribu njiani, akaona linavuta upande wa kushoto, akaketi chini ya mti na kulifungua gurudumu, akalinyoosha waya na kulijaribu tena, mara nne, mara tano, bila kuambiwa na mtu. Mbona basi haifanyii hivyo insha? Gari ni lake. Insha ni ya mwalimu.

Jambo hili limechunguzwa pia ng'ambo. Mwaka 1980 Nancy Sommers, mtafiti wa Marekani, alilinganisha jinsi wanafunzi wa chuo kikuu na waandishi wazoefu wanavyorudia maandishi yao. Wanafunzi walishughulika zaidi na kubadilisha neno hili kwa lile. Waandishi wazoefu walitafuta kwanza umbo la hoja yao, hata ikiwa ni kuvunja walichokwisha kukijenga. Ikiwa vijana wa chuo kikuu wanapungukiwa na ujuzi huo, basi tatizo si umri. Mwenzake katika uwanja huo, Donald Graves wa Chuo Kikuu cha New Hampshire, aliketi na wasaidizi wake karibu na madawati ya watoto wa shule ya msingi kwa miaka miwili, akiwatazama wakiandika, kisha mwaka 1983 akatoa kitabu kilichobadili ufundishaji wa uandishi katika nchi nyingi. Alionyesha kwamba hata watoto wadogo hurudia maandishi yao wanapochagua mada wenyewe na wanapopata mtu wa kuzungumza nao juu ya walichoandika. Naam, madarasa yale hayakuwa na watoto 60 na daftari moja la kurasa 32. Hilo nitalirudia.

Sasa nizungumze na walimu kuhusu mpangilio wa kazi, kwa sababu hapa ndipo wengi wenye nia njema hukwama. Huanza na tahajia. Mtoto anaposoma rasimu yake, kosa la kwanza analoelekezwa ni "lafiki" badala ya "rafiki". Kosa hilo ni la kawaida hapa kwetu, kwani Kikamba hakina sauti ya r, na mtoto huandika anavyosikia. Ni lazima lirekebishwe. Lakini likirekebishwa kwanza, mtoto hujifunza kwamba kurudia maandishi ni kuwinda r na l, na rafiki yule atabaki hana jina, hana sura, wala hafanyi lolote katika insha.

Kule Wamunyu, kaunti hiihii ya Machakos, kuna wachongaji wa vinyago ambao sanaa yao inahusishwa na Mutisya Munge, askari aliyejifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia akarudi nao nyumbani. Watoto wengi wa huku wamewahi kuwaona wakifanya kazi. Mimi huwauliza, "Je, mchongaji huanza na msasa?" Wote hucheka. Kwanza ni shoka na tezo, gogo lipate umbo la twiga au la kifaru, kisha kisu, msasa huja mwishoni kabisa. Hakuna anayelisugua kwa msasa gogo ambalo bado ni kuni. Baada ya hapo huwa sihitaji kueleza zaidi kwa nini "lafiki" atangoja hadi siku ya tatu.

Siku ya kwanza, basi, ni ya maana. Msikilizaji anauliza mahali ambapo hakuona. Siku ya pili mtoto anaongeza, anakata au anahamisha. Siku ya tatu ndipo tunapokuja kwenye tahajia, nukta na upatanisho wa ngeli. Mtoto aliyeandika "kibuyu kilipasuka kikamwaga maji" akiamua kwamba kwa kweli kilikuwa mtungi, anagundua mara moja kwamba neno moja halibadiliki peke yake: ni lazima iwe "mtungi ulipasuka ukamwaga maji". Nimefundisha ngeli kwa majedwali ubaoni kwa miaka, na nasema bila kusita kwamba mtoto huzishika upesi zaidi anapozihitaji kwa ajili ya mtungi wake mwenyewe.

Yapo pia mambo ambayo ni msikilizaji pekee awezaye kuyavumbua. Mvulana mmoja wa Gredi ya 3 aliandika, "Jumamosi tulipeleka nyanya sokoni Mutituni tukauza." Jirani yake alishikwa na kicheko hata akashindwa kuketi. "Mliuza nyanya yenu?" Darasa zima lilicheka, na mwandishi, aliyekuwa ameudhika kidogo, alichukua kalamu akaandika juu ya mstari, "kreti mbili za nyanya". Hakuna wino mwekundu duniani ambao ungemfundisha kwa ufanisi wa namna hiyo kwamba neno moja laweza kumfikia msomaji kwa maana mbili.

Lakini usikilizaji wenyewe hauji hivihivi. Mara ya kwanza watoto hujifanya walimu. Humnyang'anya mwenzao daftari, hutafuta kalamu nyekundu, na kuanza kutia alama za kosa kwa furaha isiyo na kifani. Nimewahi kumwona mmoja akimpa mwenzake sufuri juu ya kumi na kuandika "Nione!" kwa herufi kubwa. Wametuiga sisi, na wametuiga vizuri. Ndiyo maana nina masharti mawili: msikilizaji hashiki kalamu, na hasemi "nzuri" wala "mbaya". Anauliza swali, au anasema ni wapi alipotaka kusikia zaidi.

Kabla ya kuwaachia wafanye wenyewe, mimi hutangulia ubaoni. Huandika insha fupi iliyokonda makusudi: "Jana nilienda mjini Machakos. Kulikuwa na watu wengi. Nilinunua kitu. Nikafurahi." Kisha nawageukia na kuwaomba waulize. "Kitu gani, mwalimu?" "Ulienda na matatu?" "Watu walikuwa wanafanya nini?" Kwa kila swali napitisha mstari juu ya neno, nachora mshale, naandika pambizoni. Ubao unachafuka. Watoto hufurahi mno kumwona mwalimu akiyafuta maneno yake mwenyewe, na ninadhani furaha hiyo ina sababu nzito kuliko utundu. Wamezoea kuona maandishi ya mwalimu yakizaliwa yakiwa kamili, na ya kwao tu ndiyo yenye makosa. Wakubwa kidogo huwasimulia pia habari ya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeandika riwaya nzima juu ya karatasi za chooni akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, na ambaye riwaya yake ya "A Grain of Wheat", iliyotoka mwaka 1967, aliirudia na kuibadilisha katika miaka ya 1980 ilhali ilikuwa imekwisha kusomwa na maelfu ya watu. Swali lao huwa moja: "Nani alimlazimisha?"

Kwa watoto wa Gredi ya 1 na ya 2 mambo ni mepesi zaidi. Wengi bado hawajamudu kuandika sentensi tatu mfululizo. Hao huchora, husimulia walichochora, kisha huongeza kitu kimoja katika mchoro na neno moja chini yake. Inatosha.

Ipo pia hoja ya lugha. Baadhi ya walimu wenzangu hawataki kusikia Kikamba katika kipindi cha Kiswahili. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Sisi wa umri fulani tunaikumbuka siku ambapo mtoto aliyenaswa akisema lugha ya mama alivishwa kibao shingoni, na sijaona Kiswahili chetu wala Kiingereza chetu kikinenepa kwa ajili ya vibao vile. Mtoto anapotafuta alichokiona mtoni, akitafute kwa lugha yoyote aliyo nayo. Akikipata, tutakitafutia Kiswahili chake pamoja. Neno "kuvuruga" katika insha ya msichana yule lilipatikana hivyo, baada ya majadiliano ya watoto watatu.

Na sasa karatasi. Ninawaagiza watoto waandike rasimu wakiruka mstari mmoja, ili mstari wa pili uwe wa marekebisho, na ninawakataza raba. Raba ni adui wa kazi hii. Mtoto mwenye raba husugua mpaka ukurasa ukatoboka, na hujifunza kwamba kosa ni aibu ya kufichwa. Zaidi ya hayo, kilichofutwa hakirudi, na mara nyingine kilikuwa bora kuliko kilichokifuata. Mstari mmoja juu ya neno watosha. Aidha nawaambia kwamba kunakili insha upya kwa mwandiko safi si kuirudia, kwa maana wengi hudhani ndiyo kazi yenyewe: huileta insha ileile, imevaa nguo za Jumapili.

Mzazi mmoja alinijia akiwa na daftari la mwanawe, kurasa zimejaa mishale na maneno yaliyokatwa, wala hakuna alama ya vema hata moja. "Mwalimu," aliniambia kwa upole ulionidhihirishia hasira yake, "daftari ni shilingi, na mtoto anaandika mstari mmoja anaruka mwingine. Nawe husahihishi." Malalamiko yake yalikuwa ya haki. Daftari si kitu kidogo kwa mtu anayelipwa kwa siku. Nilimwomba aketi, nikamsomea rasimu ya kwanza ya mwanawe, kisha ya tatu. Alisikiliza. Hakusema kwamba amekubali, na sitamsingizia kwamba alikubali. Aliuliza tu kama karatasi zilizochapwa upande mmoja, zinazotupwa katika ofisi anayofagia mjini, zingefaa. Zinafaa sana, na tangu hapo rasimu nyingi za darasa langu zimeandikwa nyuma ya barua za serikali.

Kuhusu muda, sina miujiza. Madarasa ya juu ya shule ya msingi yana vipindi vinne vya Kiswahili kwa wiki, kila kimoja cha dakika 35, na kusoma, kusikiliza na sarufi navyo vinadai haki yao. Nilichokifanya ni kupunguza insha. Watoto wangu huandika insha moja kwa wiki mbili badala ya moja kila wiki, na wiki ya pili ni ya kuirudia. Mwalimu mkuu aliyezoea kuhesabu insha katika daftari ataona zimepungua. Na ni kweli zimepungua. Mimi naamini kwamba mtoto aliyeandika insha kumi na kuzirudia amejifunza mengi kuliko aliyeandika ishirini akaziacha njiani, na niko tayari kubishana na yeyote juu ya hilo, mradi tubishane tukiwa na madaftari mezani.

Sitaki pia msomaji adhani kwamba kila insha hupona. Zipo zinazoharibika. Mvulana mmoja aliandika kisa kifupi kizuri cha mbwa aliyepotea. Akaulizwa maswali sita, akayajibu yote ndani ya insha, hata mbwa mwenyewe akapotea mara ya pili miongoni mwa majina ya majirani. Hapo ndipo mwalimu anapohitajika, si kwa wino bali kwa swali lake mwenyewe: kati ya hayo yote, ni lipi ungependa nilikumbuke kesho? Na zipo nyingine ambazo haifai kuzigusa. Mtoto mmoja aliandika kuhusu usiku ambao nyumbani hakukupikwa kitu. Zamu yake ya kusoma ilipofika, aliukunja ukurasa. Nilimwacha. Mtoto lazima awe na haki ya kutosomea mtu, na mwalimu asiyeiheshimu haki hiyo ataletewa jogoo na ndoto mpaka astaafu.

Kwa wanafunzi wa ualimu watakaokuja kwetu kufanya mazoezi ya kufundisha, nina ombi la pekee. Msiogope daftari chafu. Najua mkufunzi atakapoketi nyuma ya darasa mtatamani aone ukurasa uliosahihishwa wote, na mwandiko wa kupendeza. Mwonyesheni pia ukurasa wa rasimu, mkamweleze ni nini mtoto alikata na kwa sababu gani. Na wale wanaoweka vigezo vya tathmini ya shuleni wangetusaidia sana kama wangetamka waziwazi kwamba rasimu ya kwanza na ya mwisho ziwekwe pamoja katika jalada la mtoto, na kwamba anayetathmini atazame umbali uliopo kati ya hizo mbili. Pasipo agizo hilo, mwalimu mwenye watoto 60 ataendelea kuweka ile safi tu na kuitupa nyingine.

Muhula ujao nitawaomba wazazi wa Gredi ya 3, wale watakaoweza, wanunue daftari moja zaidi la kurasa 48, na kwa wasioweza tutashona karatasi za ofisini kwa uzi. Nitawaeleza mkutanoni kwamba daftari hilo halitatiwa alama yoyote, na kwamba jioni wakiwa na nafasi wamwombe mtoto awasomee ukurasa mmoja, kisha wamuulize swali moja, kwa Kikamba au kwa Kiswahili.